Kanzu nyeupe, buibui jeusi na mwanga mmoja: jibu kwa mpiga picha wa harusi anayeanza

Swali: «Shikamoo mwalimu. Niko Tanga na ninaanza kazi ya kupiga picha za harusi. Nina kamera ya mtumba yenye lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Mchana, bwana harusi akiwa na kanzu, uso wake hutoka mweusi, na kina mama waliovaa mabuibui hutoka wa kijivu kama waliopauka. Usiku ukumbini picha ama zinatikisika ama zinajaa chenga. Wenzangu wengine wananiambia nihamie kwenye M, wengine wananiambia ninunue kamera mpya. Nianzie wapi?»

Marahaba, mwanangu. Uso mweusi wa bwana harusi na buibui la kijivu la shangazi yake ni tatizo moja lenye sura mbili, na chanzo chake si ubovu wa kamera. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakioni mwanga unaowaangukia watu, bali kinaona ule tu unaorudi kutoka kwao, na hakina njia ya kujua kama umerudi mwingi kwa sababu jua ni kali au kwa sababu nguo ni nyeupe. Kwa kuwa hakijui, kimepewa kanuni ya kukisia: kwamba chochote kilichomo ndani ya fremu, kikichukuliwa kwa wastani, huakisi mwanga kama kijivu cha kati, ambacho mafundi wa picha wamezoea kukikadiria kwa asilimia 18. Kanzu safi iliyopigwa pasi huakisi mwanga mara nne au tano zaidi ya hapo. Kamera ikiona kanzu imejaza fremu huhisi kwamba mwanga umezidi, hupunguza, na kanzu hutoka ya kijivu. Uso uliokuwa na rangi yake nzuri hubururwa chini pamoja na nguo. Buibui hufanya kinyume chake, kwani kamera hudhani ipo gizani, huongeza mwanga, na cheusi hupauka. Kamera za karibuni hugawanya fremu katika sehemu nyingi na baadhi yake hutambua nyuso, kwa hiyo kosa hupungua, lakini haliondoki kabisa.

Kabla sijakueleza namna ya kulirekebisha, tukubaliane juu ya kipimo. Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu. Kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili, na kupunguza stopu moja ni kuugawa nusu. Kipimo hiki ndicho kinachoziunganisha namba tatu unazoziona kwenye skrini, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka na kujifunga kuingiza mwanga) na ISO (kiwango cha kamera kukuza ishara ya picha), kwa sababu ukiongeza stopu moja upande mmoja unaweza kuipunguza upande mwingine na picha ikabaki na weupe uleule.

Kasi ya shata ndiyo rahisi kueleweka: 1/100 ya sekunde huingiza mwanga mara mbili ya 1/200. Athari yake ya pili ni mwendo. Mtu aliyesimama akikuangalia hutulia vizuri kwa 1/125, anayetembea huhitaji 1/250, na wanaocheza ngoma au watoto wanaokimbizana huhitaji 1/500 au zaidi. Mikono yako nayo hutikisika. Kanuni ya wazee wa filamu ilikuwa kwamba shata isiwe ya polepole kuliko moja juu ya urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita, na kwa kamera zenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) kidogo kama yako, urefu huo huzidishwa kwanza kwa 1.5 au 1.6. Kwa milimita 55, basi, usishuke chini ya 1/90 kama huna kizuia mtikisiko ndani ya lenzi. Hata ukiwa nacho, kizuizi hicho huzuia mikono yako tu, hakimzuii bwana harusi anayegeuka kumsalimia mjomba wake.

Namba za tundu la lenzi huwachanganya wengi kwa sababu zinakwenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Namba hiyo ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu, na mfuatano wake wa stopu nzima ni f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Kila hatua kwenda kulia hupunguza mwanga nusu. Tundu kubwa hufanya kile kilicho nyuma ya mtu kiyeyuke, na tundu dogo huweka vilivyo mbele na nyuma katika hali ya kuonekana vizuri, ndiyo maana wazee waliopangwa safu tatu hupigwa kwa f/8 na si kwa f/3.5, hata kama skrini ndogo ya kamera inakudanganya kwamba safu ya nyuma iko sawa.

ISO haiongezi mwanga wowote. Hukuza ishara iliyokwisha kusomwa na kihisi, na inapokuza, hukuza na chenga zilizomo. Nitalirudia jambo hili tukifika ukumbini, kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi unaotolewa mitaani unapopotosha.

Sasa turudi kwa bwana harusi. Ipo kanuni ya zamani iliyokuwa ikichapishwa hata ndani ya makasha ya filamu: katika jua kali lisilo na mawingu, weka tundu f/16 na kasi ya shata iwe moja juu ya namba ya ISO. Kwa ISO 100 utapata f/16 na 1/100, ambayo ni sawa na f/8 na 1/400, au f/5.6 na 1/800. Angalia jambo moja kuhusu kanuni hii: haiulizi mtu amevaa nini. Inahesabu mwanga unaotoka kwenye jua, na jua linalomwangukia aliyevaa kanzu ndilo lilelile linalomwangukia aliyevaa buibui pembeni yake. Mpangilio mmoja unawafaa wote wawili, kanzu ikatoka nyeupe, buibui likatoka jeusi, na nyuso zikabaki na rangi zake. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, itakupa vipimo viwili tofauti kwa watu waliosimama bega kwa bega, na tofauti kati ya vipimo hivyo yaweza kufika stopu tatu au nne. Ningekushauri ulijaribu jambo hili nyumbani kabla ya kusoma zaidi: mwambie mtu mmoja avae nguo nyeupe na mwingine nyeusi, wasimame mahali pamoja, umpige kila mmoja akiwa amejaza fremu, kisha ulinganishe namba ambazo kamera imezichagua.

Hapa ndipo M inapopata maana. Wanaokuhimiza uihamie wanaisifu kana kwamba ni cheo, lakini M ni mpangilio tu unaozuia kamera isibadilishe namba zako. Faida yake huonekana pale mwanga unapokaa mahali pamoja huku mavazi yanayopita mbele yako yakibadilika, na hiyo ndiyo hali ya picha za familia chini ya mwembe baada ya nikahi. Unapima mara moja, unaziacha namba zilivyo, na watu wanapishana mbele yako kwa nusu saa bila picha moja kuwa na weupe tofauti na nyingine. Pale mwanga wenyewe unapobadilika kila dakika, kama unapomfuata bwana harusi akitoka msikitini, akipita kivulini, akitokea juani na kuingia garini, M itakuchelewesha na utakosa picha. Wakati huo tumia A, ambayo kamera nyingine huiandika Av: wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata, na unairekebisha kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kanzu ikijaza fremu, jumlisha stopu moja au zaidi kidogo. Buibui likijaza fremu, toa stopu moja. Fremu yenye mchanganyiko wa mavazi mara nyingi haihitaji kurekebishwa sana.

Unaweza kuniuliza utapimaje chini ya mwembe, ambako kanuni ya f/16 haifanyi kazi. Kivuli kilicho wazi kwa mbingu hupungua stopu tatu au nne kuliko juani, kwa hiyo f/5.6, 1/200 na ISO 400 ni pa kuanzia pazuri. Baada ya hapo tumia kiganja chako. Kinyooshe kielekee kamera, kikiwa katika mwanga uleule unaowaangukia watu, kijaze fremu bila kujali fokasi, upime, kisha uongeze stopu moja, kwa kuwa viganja vya watu wengi huakisi takribani maradufu ya kile kijivu cha kati. Viganja hutofautiana, kwa hiyo linganisha chako mara moja na kadi ya kijivu ya dukani, ujue chako kinahitaji kiasi gani, na kuanzia hapo utakuwa na kipimo usichoweza kukisahau nyumbani.

Kuna hoja inayosikika sana kwamba kamera haiwezi kubeba kanzu nyeupe na uso mweusi kwa pamoja. Siikubali. Kanzu ikiakisi asilimia 80 na uso asilimia 8, tofauti ni mara kumi, yaani stopu tatu na robo hivi, na kihisi cha kamera yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita hubeba zaidi ya hapo bila taabu. Tatizo huja pale kanzu inapokuwa juani na uso kivulini, kwa sababu sasa unajumlisha stopu tatu au nne nyingine juu ya zile za mwanzo. Saa sita mchana katika pwani yetu jua liko utosini. Mabega ya kanzu yanawaka, na macho yamezama katika kivuli cha paji la uso. Hakuna namba kwenye kamera inayotibu hilo. Msogeze mtu kivulini mwili mzima, au mgeuze, au subiri hadi saa kumi jioni jua literemke na kuanza kumulika nyuso kwa ubavu. Ukilazimika kupiga saa ileile, asimame pembeni ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, au kwenye sakafu ya rangi nyepesi, ili mwanga urudi usoni kutoka chini. Na tazama nyuma yake: bwana harusi aliye kivulini akiwa na bahari inayong'aa mgongoni atatoka kama kivuli chake mwenyewe, lakini ukimgeuza ili nyuma yake kuwe na mlango wa mbao au majani ya miti, tatizo limekwisha.

Historia nayo ina sehemu yake katika lawama. Maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na kwa miaka mingi ngozi iliyoonekana vizuri katika kadi hizo ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Filamu hiyo huna tena mkononi. Kipima mwanga cha kamera yako hakipendelei ngozi yoyote. Kinaitafuta kijivu tu, na mwenye kukisahihisha ni wewe. Karibu na mwaka 1940 Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walipanga mfumo wa kuamua mapema kila kitu katika picha kikae kwenye ngazi gani ya weupe, kila ngazi ikitofautiana na jirani yake kwa stopu moja, na fikra hiyo inakufaa moja kwa moja: uso wa kahawia iliyoiva uukalishe kwenye ngazi ya kati au chini yake kidogo, na kanzu iwe ngazi tatu juu ya uso, pale ambapo mikunjo na nakshi ya kifuani bado inaonekana. Usimng'arishe mtu mpaka awe wa rangi nyingine. Mteja wa Tanga anamjua mwanawe.

Ili ujue kama nakshi ya kanzu imesalimika, washa onyo la kuungua, lile linalofanya sehemu zilizozidiwa na mwanga zipepese kwenye skrini. Sehemu ndogo ikipepesa begani si neno, lakini kifua kizima kikipepesa, punguza theluthi mbili ya stopu na upige tena. Piga pia kwa RAW, yaani faili ghafi la kihisi, badala ya JPEG pekee, kwa sababu faili la RAW huhifadhi biti 12 au 14 kwa kila pikseli dhidi ya 8 za JPEG kwa kila rangi, na mara nyingi hukuwezesha kurudisha weupe ulioanza kupotea na kuinua uso bila kuharibu rangi. Kadi ya kumbukumbu itajaa haraka zaidi, kwa hiyo beba mbili.

Tuingie ukumbini. Macho yako hulizoea giza na kukudanganya kwamba taa zinatosha, ilhali ukumbi wa kawaida wa harusi huwa na mwanga pungufu kwa stopu tisa au kumi kuliko juani. Kwa f/3.5 na 1/125 utahitaji ISO 3200 hivi, na hapo ndipo wengi huogopa, wakabaki ISO 800, picha ikatoka nyeusi, wakaiangaza baadaye kwenye kompyuta. Matokeo huwa na chenga zilezile au mbaya zaidi. Chenga hutokana hasa na uchache wa mwanga uliofika kwenye kihisi, na mwanga huo huamuliwa na taa, tundu na shata. Kukwepa ISO kubwa bila kuongeza mwanga hakukuokoi na chochote. Picha yenye chenga kidogo na uso uliotulia itachapishwa na kuwekwa ukutani, lakini iliyotikisika haina dawa. Washa ISO ya kujiendesha, uiwekee kikomo cha 3200 au 6400 kutegemea kamera yako, na uiambie isiruhusu shata kushuka chini ya 1/125.

Lenzi yako ina mtego mwingine. Ukiwa kwenye milimita 18 hufunguka hadi f/3.5, ila ukivuta hadi 55 tundu hujifunga lenyewe hadi f/5.6, na umepoteza zaidi ya stopu moja bila kugusa kitu. Usiku, basi, sogea kwa miguu badala ya kuvuta lenzi, ingawa usiikaribie sana nyuso ukiwa kwenye 18, kwa maana pua zitakua.

Ukiona mistari ya giza na mwanga ikikata picha kwa mlalo, hizo ni taa zinazopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 hukusanya mizunguko kamili na mistari hupotea au hupungua. Taa za jukwaani za LED hupepesa kwa kasi zake zenyewe, kwa hiyo hapo jaribu kasi mbili tatu uone ipi inatulia, na kama kamera yako ina shata ya kimya ya kielektroniki, izime, kwa sababu huongeza mistari hiyo.

Flashi ya kubandika juu ya kamera, yenye kichwa kinachogeuka, itakusaidia kuliko kitu kingine chochote. Igeuze ielekee dari nyeupe ili mwanga uwashukie watu kwa upole. Dari ikiwa ndefu mno haitafika, na ikiwa imepambwa kwa vitambaa vyekundu nyuso zote zitakuwa nyekundu, kwa hiyo tafuta ukuta mweupe wa pembeni. Ukitumia flashi, kumbuka kwamba shata haiuathiri mwanga wa flashi wenyewe, ambao huwaka na kuzimika kwa muda mfupi sana. Shata huamua tu taa za ukumbini zionekane kiasi gani nyuma ya watu. Ukiweka 1/200 ukumbi utakuwa pango jeusi, ukiweka 1/60 mapambo yataonekana. Usipite 1/200 au 1/250, kulingana na kamera, maana zaidi ya hapo sehemu ya picha itafunikwa na shata, labda flashi yako iwe na mpangilio maalumu wa kasi kubwa.

Tahadhari moja kuhusu skrini. Juani huonekana hafifu na utashawishika kuongeza mwanga mpaka kanzu iungue. Ukumbini hung'aa sana na utadhani picha ya giza ni nzuri, mpaka uifungue kesho yake. Tazama histogramu, ile grafu ya picha yenye giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia, ambayo haibadiliki na mwanga wa mahali ulipo. Usitarajie kilima katikati. Kwa picha ya watu waliovaa kanzu, kilima kikubwa kitakuwa upande wa kulia bila kugusa ukingo, na kwa mabuibui kitakuwa kushoto, na zote mbili ni picha sahihi.

Kuhusu kamera mpya, usinunue bado. Fedha ya kwanza inunue flashi niliyoieleza, na ya pili inunue lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi huwa miongoni mwa zile za bei nafuu na hupatikana pia kwa mtumba. Ukilinganisha na f/5.6 ya lenzi yako ikiwa imevutwa, f/1.8 huingiza mwanga zaidi kwa stopu tatu na theluthi, yaani badala ya ISO 6400 unapiga kwa ISO 640, na mabadiliko ya namna hiyo hutayapata kwa kubadilisha kamera peke yake. Ila ujue kwamba kwa f/1.8, kwa mtu aliye umbali wa mita 2, kina cha sehemu inayoonekana vizuri ni takribani sentimita 11 tu. Bibi harusi akiwa mbele ya bwana harusi kwa kipimo cha bega, mmoja wao atakuwa na ukungu. Wakiwa wawili, wasimame sambamba na ufunge tundu hadi f/2.8, na wakwe wakijiunga, rudi kwenye f/5.6 na uwashe flashi. Kabla ya kulipa, iweke lenzi hiyo kwenye kamera yako hapohapo dukani uhakikishe kwamba fokasi inajiendesha, kwa sababu baadhi ya kamera ndogo hazina mota ya kuendesha lenzi za zamani.